MWANAGENZI WA NYAYA SI MCHIMBA MASHIMO

Ndugu wanachama, kuna jambo tusiloweza kulinyamazia. Vijana huandikwa kuwa wanagenzi wa nyaya za umeme, wakapewa sululu na kamba. Miezi hupita wakichimba mashimo na kuburuta nguzo. Siku ya kuhitimu hupewa cheti, na kesho yake huamriwa kupanda.

Twauliza: wamefundishwa na nani? Waya wa volti 11,000 hausomi cheti. Kabla ya kuushika, sharti umeme ukatwe, swichi itiwe kufuli, waya upimwe hata ijulikane hauna umeme, kisha uunganishwe na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi. Mambo haya hayajulikani kwa kutazama kutoka chini. Hujulikana kwa kutenda, fundi akiwa kando.

Wako wasemao kwamba fedha ya kuwalipa wakufunzi haitoshi. Je, ya kumlipa mjane yatosha?

Nasi makarani tusijiepushe. Daftari la mafunzo li mikononi mwetu. Tusiandike “amehitimu” mahali pastahilipo “amechimba”. Kalamu isemayo uongo nayo huua.