Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Binti asiulizwe kwanza kama ameolewa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote nakuandikia kutoka nyuma ya kaunta ya duka la dawa mkoani Morogoro. Mimi ni mtoa dawa. Nina ombi moja kubwa: agiza kwamba msichana anayefika zahanati kuuliza jambo la mwili wake asianze kwa kuulizwa kama ameolewa.

Mwongozo wa uzazi wa mpango wa Wizara yako umeshalimaliza hili. Unasema kila aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, ana haki ya taarifa na huduma, awe na ndoa au asiwe nayo, awe amezaa au hajazaa. Mwongozo huo haujafika kwenye benchi la kliniki. Huduma ni bure, ndiyo, lakini hutolewa asubuhi, palepale kwenye kliniki ya mama na mtoto, ambako shangazi yake amekaa na kadi ya ujauzito mkononi na jirani anayeimba kwaya na mama yake ananyonyesha pembeni. Jina linaitwa kwa sauti. Akisogea, anaulizwa: "Umeolewa? Mumeo yuko wapi?" Binti aliyekuja kueleza kwamba anatokwa na uchafu wenye harufu anasema kichwa kinamuuma, anapewa panadoli, anaondoka.

Jioni anakuja kwangu.

Anakuja jua likishazama. Anangoja wateja wengine waishe, anageuzageuza mafuta ya kujipaka asiyoyataka, kisha ananiamkia na kunisogezea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani kimeandikwa "P2". Nikimuuliza tendo la ndoa lilikuwa lini, mmoja atasema jana, mwingine atasema Jumapili ya wiki iliyopita, na huyu wa pili kachelewa. P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, huchelewesha yai lisitoke. Yai likishatoka haina la kufanya, na mimba ikishatunga haiitoi. Imezwe ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi. Haizuii Virusi vya Ukimwi, kisonono wala kaswende. Kazi hiyo ni ya kondomu. Haiui kizazi kama mtaani wanavyodai, ila anayeimeza kila wiki atavurugikiwa hedhi na bado kinga yake itakuwa dhaifu kuliko ya mwenzake aliyechoma sindano ya miezi mitatu, aliyewekewa kijiti au kitanzi. Haya yote nayasema kwa kunong'ona, dakika mbili, kabla hajaingia mteja wa dawa ya kikohozi. Hapo ndipo wasichana wengi wa mtaa wangu wanaposomea afya ya uzazi, Mheshimiwa, na si mahali pake.

Chukua suala la siku za hatari. Wengi wamekariri siku ya 14, na wanaapa kwayo. Hesabu hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayokuja, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 karibu na siku ya 10. Mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili. Basi huyu wa siku 24 anaweza kushika mimba kwa tendo la siku ya 6, wakati anajiona ndiyo kwanza ametoka hedhini na yuko salama kabisa. Tena mzunguko wa msichana hubadilikabadilika, mwezi huu 26, mwezi ujao 33. Nimewahi kumchorea binti mmoja hesabu hii nyuma ya bahasha ya dawa. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini shuleni waliwafundisha sehemu za ua na hawakuwafundisha hili.

Kisha kuna UTI. Siku hizi kila muwasho, kila maumivu chini ya kitovu, ni UTI, na kila UTI hutibiwa kwa antibiotiki za nusu dozi. Fangasi haitibiki kwa antibiotiki, na mara nyingine antibiotiki ndizo zinazoiamsha. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote, lakini ikiachwa hupanda juu na kuharibu mirija ya uzazi, na binti hujua habari zake miaka baadaye anapotafuta mtoto. Ute usio na harufu mbaya, unaobadilika kadiri ya siku za mwezi, ni dalili ya afya. Kwa kutokujua hilo, mabinti wanajisafisha ndani kwa sabuni, wengine kwa shabu, na kuua vijidudu vinavyowalinda, kisha wanarudi kwangu hali ikiwa mbaya zaidi. Hakuna kati yao aliyehitaji mtaalamu bingwa. Walihitaji nesi mmoja mwenye mlango unaofungika.

Nisiliache chango. Binti akilazwa chini na maumivu kila mwezi, akikosa kazi au darasa, jibu la kila mtu ni kwamba akizaa yataisha. Maumivu ya kawaida ya hedhi hutulia kwa dawa kama ibuprofeni ikianzwa mapema, pamoja na chakula. Yasiyotulia, au damu inayojaza pedi kila saa, au inayopita siku saba au nane, ni ugonjwa wa kupimwa. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza hadharani kueleza jinsi endometriosisi, ugonjwa unaoleta maumivu makali ya hedhi, ilivyomtesa na kumpeleka kwenye upasuaji mara nyingi. Nampa heshima yangu yote kwa ujasiri huo. Ikiwa mwanamke mwenye jina kubwa kiasi hicho alihangaika hivyo, huyu wa kwetu anayeulizwa mume kwanza atafika wapi?

Wapo wazazi watakaokuambia kwamba kuwaeleza mabinti ni kuwatuma. Nawaheshimu, nami ni mzazi. Lakini bibi zetu wa huku Uluguru walipomweka mwali ndani, hawakumwacha abahatishe. Walimweleza, na waliyemwamini kumweleza alijulikana. Unyago umepungua na mafundisho yake hayakuwa na klamidia wala Ukimwi, na nafasi ya yule mwelezaji imebaki wazi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Ule wa 2015–16 ulikuta 27. Tumeshuka, na nashukuru, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano, na hawakufika huko kwa sababu ya kuelezwa mno.

Serikali imeonyesha inaweza. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa ili kijana wa miaka 15 apime VVU bila kuomba ruhusa ya mzazi. Novemba 2021 waliokatishwa masomo kwa ujauzito waliruhusiwa kurudi darasani. Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nakuomba tu ihakikishwe inawafikia pia wasiokuwa shuleni, wanaouza karanga stendi saa za masomo. Iweje basi tukwame kwenye swali la mume? Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa kipimo cha swali lile la kliniki, mtoto huyo aliyeozwa angehudumiwa bila maneno, na mwanamke wa miaka 22 anayejilipia kodi ya chumba angerudishwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, toa waraka. Uwe mfupi, ubandikwe ukutani Kiswahili kitupu, useme kwamba ndoa si sharti la kuhudumiwa na kwamba siri ya mteja haitoki chumbani. Kila zahanati itenge hata mchana mmoja kwa wiki, Jumamosi, wakati mama wajawazito hawapo, kwa ajili ya vijana. Sisi watoa dawa tupeni mafunzo na orodha ya vituo vya kuwapeleka, kwa sababu wataendelea kuja kwetu hata waraka ukitoka. Na aliyebakwa ajue kutoka kwa kila mmoja wetu kwamba dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo aende hospitali leo, asingoje kikao cha ukoo.

Waraka huo hauhitaji bajeti mpya. Unahitaji saini yako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtoa dawa, Morogoro