Nuru ya Mtoto Huanzia Chunguni

ANAYEPITA katika soko la Nyasho, mjini Musoma, huona dagaa, matembele na mapapai. Hiyo ni mali ya ziwa letu na jasho la wakulima wetu. La kusikitisha ni kwamba vyakula hivyo mara nyingi havifiki katika sahani ya mtoto wa aliyevua au aliyelima. Mtoto huyo hupewa ugali wa muhogo na mchuzi mwembamba. Jambo hili si dogo, kwani linahusu nuru ya macho yake.

Mwili usipopata vitamini A ya kutosha, macho hudhoofika. Dalili ya kwanza ni mtoto kushindwa kuona jua linapotua: wenzake wanacheza, yeye hujikwaa na kupapasa ukuta. Wazee husema ni mzembe, kumbe ni mgonjwa. Baadaye jicho hukauka, huingia kidonda, na likitoboka hakuna dawa ya kulirudisha. Akishikwa na surua katika hali hiyo, anaweza kupofuka kwa siku chache, au kufa.

Kinga tunayo. Dagaa huliwa mzima pamoja na kichwa na ini, na humo ndimo vitamini hiyo ilimo. Matembele na mchicha visipikwe mpaka vikapoteza rangi, na vitiwe mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta mwili hauipati vizuri vitamini hiyo. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa navyo ni hazina. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu katika ziwa hili, alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, vikiwamo viazi hivyo.

Tunapenda kuwakumbusha akina baba kwamba chungu si kazi ya mama peke yake. Mvuvi anayeuza dagaa wote pwani asimlaumu mkewe kwa mboga duni. Abakize kibaba cha watoto kwanza, ndipo apime cha soko.

Taifa letu halianzi leo. Mwaka 1973 wananchi waliitikia kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda. Moyo huo ndio unaotakiwa sasa.

Hata hivyo, chungu peke yake hakitoshi. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapaswa kupata matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na chanjo ya surua katika miezi 9 na 18. Kwa mtoto wa Rukuba, Ukara au kisiwa kidogo cha Ukerewe, huduma hiyo inategemea mtumbwi, petroli na hali ya ziwa. Safari moja ikiahirishwa na kusahauliwa, mtoto hungoja miezi sita mingine. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Tunauliza: katika fedha hizo, ni ngapi zinazovuka maji? Viongozi wanaohusika watoe jibu mbele ya mikutano ya vijiji.

Aidha, siku ya kliniki isiishie kwenye mizani. Mhudumu aangalie pia macho ya kila mtoto, na mzazi anayeona weupe katika mboni, makengeza au ukavu asingoje. Wala asitie jichoni dawa za majani, kwani zimewapofusha wengi.

Mtoto ni amana. Mzazi ataulizwa juu ya chungu chake, na kiongozi juu ya mtumbwi wake.