Kauli ya Mkufunzi na Nguvu za Kuruta wa Kike

Jeshi la nchi kavu la Marekani huwapima wanawake walio katika kazi za mapigano kwa kipimo kile kile cha wanaume. Sehemu mojawapo ya mtihani huo ni kuinua chuma kizito kutoka sakafuni mara 3. Misuli ya mwanamke imejadiliwa hadi ikachosha. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nauliza kuhusu ulimi wa anayemfunza.

Yafaa ieleweke kwamba katika majuma ya mwanzo ya mazoezi, nguvu huongezeka zaidi kwa sababu ubongo na neva hujifunza kuiamrisha misuli iliyopo. Kutanuka kwa misuli huja baadaye. Kuruta huyo basi ni mwanafunzi, na amri anayopewa ni somo.

Mwaka 1998, Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliojifunza kuyumba juu ya mtambo unaoiga mchezo wa kuteleza thelujini. Walioagizwa wayafikirie magurudumu ya mtambo walijifunza vyema kuliko walioagizwa waifikirie miguu yao. Kwa Kiswahili tungesema, "Sukuma ardhi!" badala ya "Nyoosha magoti!" Mwendo ni ule ule, ila amri ya kwanza haimwachi kuruta akijichungulia; na mwanamke aliye peke yake kati ya wanaume hamsini amekwisha kuchunguliwa vya kutosha.

Kisha kuna kukosoa. "Mgongo umepinda" ni kauli ya kitenzi: hutaja hali inayoweza kurekebishwa papo hapo. "Wewe ni mlegevu" humbandika mtu jina. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walipima kwa pamoja matokeo 607 ya tafiti za awali, wakaona kwamba katika zaidi ya theluthi moja, kumwambia mtu alivyofanya kulishusha utendaji wake. Maelezo yao ni kwamba madhara huzidi pale maneno yanapoihamisha fikira kutoka kwenye kazi hadi kwenye nafsi. Walimu wenzangu wenye kalamu nyekundu na walitafakari hilo.

Wala sifa haziepuki lawama. Ile ya "kwa mwanamke, umejitahidi" naiona mbaya kuliko tusi, kwani huvaa joho la wema, na kuruta huondoka bila kujua kama kosa lilikuwa mgongoni, miguuni au katika namna alivyokishika chuma.