Dodoso Lisitoke Ofisini Moja kwa Moja hadi Sepuka

Muulize bibi wa Sepuka, wilayani Ikungi, anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam: "Unaridhika na mchango wako kwa kizazi kijacho? Sikubali kabisa, sikubali, sina hakika, nakubali, nakubali sana." Atamtupia jicho mwenyekiti wa kitongoji aliyemleta mgeni, kisha atasema, "Nakubali, mwanangu." La pili, nakubali. La ishirini, nakubali. Mgeni havunjwi moyo. Karani anabonyeza kishikwambi, anahamia nyumba ya jirani. Angemuuliza nani ananunua madaftari, angesimuliwa kuanzia kuku waliouzwa mpaka gunia la mwisho la alizeti.

Hatupingi kupima ukuaji wa mtu mzima. Tangu mwaka 1950 Erik Erikson alishaeleza kwamba nafsi na mahusiano ya mtu huendelea kukua hadi uzeeni, na madodoso yaliyotokana na hoja hiyo yamefanya kazi ya maana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walioanza kuulizwa miaka ya 1960, walifuatwa kwa miaka 22. Kwa mwendo huo unaweza kusema mtu amebadilika. Lakini ukipita Ikungi mara moja, ukamlinganisha kijana wa miaka 25 na mzee wa 70, unapima nini? Mzee huyo ujana wake ulikutana na Operesheni Vijiji ya 1974. Kijana amekulia kwenye simu. Tofauti yao si umri peke yake.

Kazi nzuri ipo hapa hapa nchini. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2008 dodoso la sonona lenye vipengele 19, lililotengenezwa Tanzania. Wilayani Hai, waliopima uwezo wa akili wa wazee waliwapa njiti za kiberiti wapange umbo, maana wengi hawakuzoea kalamu. Njiti tu! Aliyebuni hilo alikuwa amekaa na wazee.

Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kabla ya kutoa kibali cha utafiti kama huu, iulize mawili: maswali yamejaribiwa kwa Kinyaturu, lugha ya wenyeji wa Ikungi, na wazee wenyewe, pasipo kiongozi wa kijiji kusikiliza? Na kwenye bajeti, ipo nauli ya kuwarudia watu walewale baada ya miaka mitano? Asiye na jibu asubiri.