Mto Mmoja, Wenyewe Wengi

Kila masika yakaribiapo, wakazi wa Sinza na Tandale huanza kuutazama Mto Ng'ombe kwa wasiwasi. Kiangazi ni mto mdogo tu. Lakini mvua inyeshapo huingia majumbani, na uchafu wa mitaa yote huteremka nao hadi Msimbazi, kisha baharini karibu na Daraja la Salenda.

Je, ni nani mwenye dhamana ya maji hayo? Msimbazi huanzia milima ya Pugu, Mkoa wa Pwani, ukapita katika maeneo ya halmashauri kadhaa. Penginepo mto wenyewe ndio mpaka, na kila upande huona taka ni za jirani. Maji yamo mikononi mwa Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Ukingo wa mita 60 unalindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyohifadhiwa tangu 1975, vina kitengo chake. Mwananchi mwenye malalamiko huzungushwa ofisi hata ofisi, mpaka mvua zikakatika.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Mabwepande, na mabonde yakavamiwa tena machoni mwa wakubwa wote tuliowataja.

Kwa sababu hiyo tunaunga mkono kuundwa kwa mamlaka moja ya mito na mwambao wa Dar es Salaam na Pwani. Hatuombi ofisi nyingine ya kununuliwa magari na kuitisha semina. Hizo tunazo za kutosha. Mamlaka hiyo ipewe kwa sheria uwezo wa kuzuia ujenzi mabondeni, na vyombo vya sasa vikubali kuyaachia madaraka hayo. Hapo ndipo penye ugumu, nasi tunawaomba viongozi wasipakwepe.

Ndugu zetu wa visiwani nao wasisahauliwe. Ni kweli kwamba mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar inayo mamlaka yake. Lakini taka zikishavuka Salenda haziulizi mpaka. Wavuvi wa Unguja na Mafia wapewe viti katika bodi hiyo tangu kikao cha kwanza, wala wasingoje kualikwa siku ya ufunguzi.