Unyaufu una mdomo

UKINGONI MWA MAKONDE, na Mzee Mkanju

Wiki hii nimepanda kutoka Masasi hadi Newala kudai kilo sita. Msicheke. Mlionizoea mnajua ugomvi wangu na mizani.

Mdogo wangu alipima korosho zake kwenye chama cha msingi. Mzani ukasoma kilo 312, karatasi anayo. Malipo yakaja ya kilo 306. Karani, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, akatupa shikamoo, kisha akasema: "Huo ni unyaufu, babu."

"Unyaufu wa nini, mwanangu?"

"Wa kawaida."

Nilikereka hadi shati likaloa. Kunyauka nakujua: jani la muhogo likipigwa jua la Oktoba linanyauka. Korosho mbichi nayo hupungua, ndiyo maana tunaianika. Lakini hizi zilikaa mkekani siku tatu, ukizitikisa zinalia kama njuga, na karani mwenyewe alizing'ata akasema zimekauka. Zikalala ghalani wiki mbili, zikanyauka kilo sita kamili, bila nusu wala robo. Za jirani, aliyeleta gunia moja tu, nazo zimenyauka kilo sita!

Kiswahili kina nyauka na kina nyausha. Kwenye nyausha lazima pawe na mtu. Ukisema unyaufu, mtu katoweka, imebaki hali tu, kama ukungu wa asubuhi Newala. Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze huku 2007, sijaona neno lililonenepa kama hili. Mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, hukupunja kwa bakuli lake, lakini hakwambii bakuli limenyauka.

Wazee wetu waliona upungufu wenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata nusu yake. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikawa tusi. Hakuna aliyesema mikorosho imenyauka. Walisema imekufa, na kila mmoja alijua amlaumu nani.

Basi nikamwomba karani aniandikie kwenye karatasi: unyaufu kilo 6, chini yake jina lake na sahihi. Akazitoa kalamu zote mbili, akazijaribu kiganjani. Hazikuwa na wino.