Tarumbeta Kuukuu Isomwe Kwanza

Katika stoo ya shule yetu mna tarumbeta moja kuukuu, imebonyea ubavuni na kushika kutu ya kijani. Wenzetu wengine wasema iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tupate fedha za mpira. Wengine wasema isuguliwe mpaka ing'ae, kisha iuzwe bei kubwa kwa kuwa ni ya zamani. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, kwani hakuna aliyeisoma.

Tarumbeta husomwa kama kitabu. Kwanza, tazama mdomo wake mpana, ambapo mtengenezaji huchora jina na mji wake. Ukiona Boosey & Hawkes, jua kwamba haikutengenezwa kabla ya 1930, maana ndipo kampuni mbili za London zilipoungana kwa jina hilo. Ukiona Vincent Bach, mji utakuambia zaidi: Bach alianza kazi New York, akahamia Mount Vernon mwaka 1953, naye alipokwisha kuuza kampuni yake mwaka 1961, kazi ilihamishiwa Elkhart, Indiana.

Pili, tafuta namba iliyopigwa kwenye mirija ya pistoni, mara nyingi ule wa katikati. Ikilinganishwa na orodha za mtengenezaji, huweza kuonyesha mwaka.

Tatu, pima afya yake. Je, pistoni zapanda na kushuka bila kukwama? Mirija ya kurekebishia sauti yachomoka? Madoa mekundu kwenye mrija wa kupulizia ni dalili kwamba zinki imeliwa na shaba imedhoofika.

Umri peke yake si bei. Tarumbeta za wanaojifunza zilitengenezwa kwa wingi, na nyingi ni kuukuu lakini rahisi. Tena kuisugua kwa nguvu huweza kufuta maandishi na kuharibu ngozi yake ya asili, na thamani ikashuka.

Najua mpira twauhitaji. Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi namwomba mwalimu wetu wa muziki awaruhusu wanafunzi wawili waandike jina, mji na namba. Kisha tuulize tarumbeta kama hiyo imepata kununuliwa kwa kiasi gani, wala si bei anayoitaja muuzaji tu. Ikiwa haina thamani, na iuzwe. Lakini tuiuze tukijua tunachouza.